Taa ya Nyuma

Nilipoacha chuo nilibaki na baiskeli na deni. Usiku nikitoka Rongo mjini, nilifunga simu ya mulika mwizi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, nikaona nimemaliza. Mashimo niliyaona. Mimi sikuonekana. Siku moja lori la miwa lilitokea nyuma. Dereva alipiga honi nikiwa tayari nimejirusha mtaroni.

Kwa hivyo, kama pesa yako ni ya taa moja, nunua nyekundu ya nyuma. Mulika mwizi itakusukuma mbele. Lumeni 10,000 za kwenye boksi usiziamini, washa hapo hapo dukani.

Mama aliacha kuniuliza nitarudi chuo lini. Siku hizi ananiuliza, “Umechaji?”