Waya Haichagui

Leo fungua Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7, usome polepole. Mungu yuleyule aliyetoa Amri Kumi anasimama njiani kuzungumza habari za kiota cha ndege. Ukimkuta mama amelalia mayai au makinda, makinda waweza kuchukua, lakini mama usimguse, umwachilie aruke. Kisha angalia ahadi iliyofungwa hapo: heri na siku nyingi. Ni ahadi inayofanana na ile ya Kutoka 20:12 kwa anayeheshimu baba na mama. Kiota na wazazi, uzito mmoja.

Nimeukumbuka mstari huo kwa sababu ya msimu. Februari inaisha, na huku Mwanda watu wanalima wakingoja masika. Lakini wako wanaojiandaa kwa njia nyingine, na wewe unawajua. Wananunua waya, wanaikata vipande, wanapanga nani atateremka upande wa ranchi na nani atangoja barabarani na pikipiki. Wanajua kwamba kiangazi kanga hutembea kwa makundi, wanajua mahali wanaponywa maji na miti wanayolala jioni. Nisikufiche: mipango yao ni mizuri kuliko ya kamati nyingi za kanisa.

Mmoja wao, kijana wa kwetu kanisani, alikuja kwangu baada ya ibada ya Jumatano. "Pasta, niombee, nateremka chini wiki hii." Nikamuuliza, chini kufanya nini? Akanyamaza, kisha akanionyesha simu. Ndugu mmoja wa hapa anayefanya kazi Missouri, Marekani, alikuwa ametuma picha kwenye kikundi cha vijana. Wenzake wa kazini wanajiandaa kwa msimu wa kuwinda bata mzinga wa mwituni, unaofunguliwa Aprili. "Hawa wanapanga mchana na kupiga picha. Mimi nikileta kanga mmoja watoto wale, nafungwa. Kwa nini, pasta?"

Ni swali la haki, na halistahili kujibiwa kwa kukemewa.

Angalia wanavyopanga hao. Wiki kadhaa kabla ya msimu, mwindaji huingia msituni kabla hakujapambazuka, hana bunduki, anasikiliza tu. Dume huita akiwa bado juu ya mti alikolala, na mwindaji anaweka alama. Siku ikifika anakaa ameegemea mti, amevaa nguo za rangi ya majani, anaigiza sauti ya jike na kungoja. Ana kibali alicholipia. Idadi ya ndege ameandikiwa. Akipata mmoja, lazima atoe taarifa siku hiyohiyo. Na hapa ndipo nilipomfungulia kijana Biblia: msimu ule ni wa madume. Majike huachwa, isipokuwa wale wachache walioota ndevu kifuani kama dume, kwa sababu ni wakati wa kutaga. Sidhani waliitoa sheria hiyo kwa Musa, lakini wamefika palepale.

Wala hawakuanzia hapo. Waliwinda bila mpaka na kukata misitu mpaka bata mzinga wakakaribia kuisha Missouri. Msimu ukafungwa mwaka 1937, haukufunguliwa tena hadi 1960. Miaka 23! Mtoto aliyezaliwa msimu ulipofungwa aliweza kuoa kabla babake hajaruhusiwa kulenga ndege mmoja. Mwaka uleule wa 1937 nchi yao ilipitisha sheria kwamba kodi ya bunduki na risasi ielekezwe kutunza wanyamapori. Anayewinda analipia kesho ya anachokiwinda.

(Jambo la kuchekesha: Waingereza walimpa ndege huyo jina la nchi ya Uturuki kwa kumchanganya na kanga wetu wa Afrika, aliyeletwa Ulaya na wafanyabiashara wa pande hizo. Kwa hiyo kijana wangu na watu wa Missouri wako karibu kuliko wanavyodhani.)

Kwetu Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Ndege waliendelea kwa vibali kwa muda, lakini sheria ya 2013 haimwachii mlango hata anayewinda kwa ajili ya chungu chake. Najua uchungu ulioko hapa. Babu zetu walitega kabla Tsavo haijawa mbuga mwaka 1948, na leo mbuga hiyo ni zaidi ya nusu ya kaunti yetu. Ndovu akimaliza mahindi ya mjane, fidia ni ya kungojwa. Ukiona sheria ni ngumu, simama kwenye baraza la chifu useme, mwandikie mbunge wako. Mimi nitakuunga mkono.

Lakini waya, mpendwa! Waya haijui dume wala jike. Haijui Februari wala Aprili. Inabaki porini hata ukisahau ulipoitega, inamshika digidigi mwenye mimba, inamshika mbuzi wa jirani. Mvua ikinyesha kanga jike hutaga chini nyasini, mara nyingi mayai kumi au zaidi, na kuyalalia karibu wiki nne. Ukimnasa huyo, umekula kundi zima la mwaka ujao kwa mlo mmoja. Hakuna namna ya kutii Kumbukumbu 22 kwa waya.

Nilimwambia, "Kijana wangu, wewe nitakuombea usiku na mchana. Waya siwezi kuiombea." Alikasirika. Akaniuliza kama maombi yangu yatalipa karo ya mtoto. Nikaona hiyo ndiyo hoja yenyewe, tukaenda kwake tukakaa na mkewe na kalamu. Wana kuku tisa, robo ekari isiyopandwa, na deni dukani. Kanga wanaweza kufugwa kwa kibali cha KWS, na Jumatatu nateremka naye Voi kuuliza masharti. Waya ameniletea nusu. Nusu nyingine anasema anangoja kuona.

Masika hayamngoji mtu, na robo ekari ile haina mbegu. Mwenye maharagwe ya kukopesha anipigie kabla ya Jumapili.