Kalemie: Fundi mhamaji na buloni ya juu ya demarere

Leo siandiki juu ya usalama wala bei ya unga. Naandika juu ya buloni moja. Wenye gari za zamani watanielewa mara moja. Ninyi mlioko kwenye kambi za wahamaji, mnivumilie kidogo, habari yenu imo ndani.

Gari ni HiAce ya kaka yangu mkubwa, inayopakia mihogo, makaa na mara nyingine wagonjwa kutoka njia ya Nyunzu. Demarere, ile mashine ndogo inayozungusha motere unapowasha, ilikufa. Siku sita gari ilikaa mbele ya nyumba, na ndiyo inayolipa masomo ya watoto wanne. Kwenye garaji moja walimwambia kaka kwamba lazima motere yote ishushwe, sababu buloni ya juu ya demarere haifikiki. Bei waliyotaja ilizidi bei ya demarere yenyewe.

Ndipo jirani akatuletea mzee mmoja. Alikimbia kutoka vijiji vya Nyunzu wakati wa machafuko ya Batwa na Wabantu, mwaka 2017. Tunamwita Papa Fundi. Nilimwuliza kle zake ziko wapi. "Nilibeba mtoto na sufuria, mama yao akabeba mwingine," alisema. "Sanduku lilikuwa zito."

Kazi ya kwanza haikuwa ya kle. Alitoa waya wa masi kwenye batri, sababu waya mnene wa demarere unatoka moja kwa moja kwenye batri, hata kama kontakti imezimwa. Kle ikigusa pale na kwenye chuma cha gari, ni moto. Kisha alisugua buloni kwa burosi, akazimwagia mazutu na kutuambia tulale. Kaka hakufurahi. Alitaka kazi iishe siku ileile.

Asubuhi Papa Fundi aliinua gari kwa kriki, akaweka magogo mazito chini ya shasi, akalisukuma gari kwa bega kuona kama linacheza. Hapo tu ndipo alipoingia chini. Aliingiza mkono mmoja na kunyamaza, akitazama pembeni kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Vidole vilikuwa vinasoma: kichwa cha buloni kinaelekea wapi, kuna nafasi gani pembeni, kutu imekula kiasi gani. Nilimpa simu yangu apige picha kule ndani. Aliitazama picha kwa heshima, akanirudishia, akaendelea na vidole.

Kumbe wale wa garaji walikuwa wanaitafuta buloni kutoka juu na mbele, mahali ambapo mkono unakwama. Yeye aliifuata kutoka nyuma. Aliunganisha ralonji tatu za kuazima, akazifunga kwa skochi zisiachane, akaweka kardan mbele, ile inayojipinda, halafu duyi. Akaupitisha mti huo mrefu wa chuma juu ya bwati ya vitesi mpaka duyi ikavaa buloni. Mpini ukabaki nyuma kabisa, mahali penye nafasi ya kuvuta kwa mikono miwili.

Hakuanza kwa kufungua. Alikaza kwanza, kidogo sana, mpaka tukasikia "tak!" Kutu imepasuka. Ndipo akarudisha upande wa kufungua, taratibu, akienda mbele na kurudi nyuma.

Buloni ya chini ilikuwa na shida nyingine: kle inaingia lakini haina pa kuzunguka. Hapo alinionyesha kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukiangalia. Kichwa cha kle ya mdomo wazi kimepinda kidogo. Ukivuta hadi mwisho, unaigeuza kle chini juu, inashika buloni kwa pembe nyingine, unavuta tena. Kidogo kidogo, buloni inatoka.

Wakati wa kurudisha, alibana kipande cha karatasi ndani ya duyi ili buloni isianguke njiani. Aliizungusha kwanza kinyume mpaka meno yakakutana, kisha akaikaza kwa vidole, bila mpini. Hata hivyo moja ilianguka. Aliomba sumaku. Nikamletea ile ya spika ya redio iliyokufa, akaifunga kwenye waya na kuivua buloni kama samaki. Tangu siku hiyo sitaki kusikia kwamba redio mbovu haina kazi.

Kabla ya kufunga alipaka grisi kidogo kwenye nyuzi za buloni. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia mitaani, gari nyingi zilipita majini, na chuma kimeota kutu. Grisi wazee wa ziwa hili wanaijua. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nyingi. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

HiAce iliwaka saa tisa mchana. Kaka alilipa, Papa Fundi akahesabu pesa, akazigawa mara mbili mbele yetu. Nusu ni ya mwenye kle. Kila kazi ni hivyo: nusu inaenda kwa mtu aliyelala nyumbani.

Nimefuatilia ugawaji mwingi wa misaada katika jimbo letu la Tanganyika. Nimeona unga, mabashi, ndoo, sabuni, mablanketi. Sisemi hivyo havina kazi. Mwenye njaa hali kle. Lakini sijaona hata siku moja sanduku la fundi, wala cherehani, wala randa. Watu wanaandikwa kwa idadi ya vinywa. Hakuna anayeuliza mikono yao inajua nini, halafu mitaani tunasema wahamaji wamezoea kupewa.

Nilimpitia tena wiki hii chini ya mwembe anapofanyia kazi. Sasa ana kle tatu zake mwenyewe: ya 10, ya 12, na ya 14 iliyovunjika ambayo aliipata, akaipasha moto na kuipinda ili iingie mahali pabaya. Ya 17 bado anaazima.