MANDOLINI YA MZEE IMEPATA SAUTI TENA

Mwezi huu napenda kuwaelezea habari ya mandolini ya mzee mmoja wa kartie yetu, ile mnayoisikia Jumamosi baada ya masomo.

Mandolini ni kama mdogo wake gitaa. Ina nyuzi 8, lakini zinapigwa mbili mbili, yaani jozi 4, na sauti zake zinapangwa kama za fidla: sol, re, la, mi. Hii ya mzee si ile ya Kiitalia yenye mgongo kama kibuyu. Kifua chake kimechongwa kikavimba kidogo, na kina matundu mawili ya umbo la herufi f. Namna hiyo ya kuchonga, Mmarekani Orville Gibson alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1898. Matundu ya f yalikuja kwenye mandolini za kiwanda cha Gibson mwaka 1922.

Mzee alitoka nayo Bukavu. Miaka mingi chini ya mabati, joto mchana, baridi usiku, mgongo ukaachana na ubavu, daraja likapasuka, nyuzi zikashika kutu. Wengine walisema eti wapewe watoto waichezee. Lakini huyu mzee anabeba nyimbo za kwao kichwani na vidoleni, hajaziandika popote. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, leo Likasi, akarekodi gitaa la Jean-Bosco Mwenda, ndiyo maana tunalisikia mpaka sasa. Kwa mzee wetu hakupita mtu na mashine. Chombo kikinyamaza, nyimbo nazo zitanyamaza.

Basi wazazi wakachanga, nikaomba ruhusa ya kutoka, nikapanda gari mpaka Kigali. Soko la Kimironko wengi tunalijua kwa vitenge na washonaji, ila karibu na hapo nilipata seremala mwenye mkono mzuri. Akaiangalia, akasema: "Mwalimu, nipige msasa na vanishi, itang'aa kama mpya."

Nikamwambia: "Hapana fundi, tafadhali. Kifua ni chembamba. Ukikikwangua kinadhoofika, na vanishi nzito inaziba sauti."

Alicheka, lakini alikubali. Alisafisha gundi ya zamani, akatia mpya kidogo, akaifunga mgongo kwa mpira wa baiskeli mpaka kesho yake. Daraja alichonga jipya kwa kipande cha mbao ngumu.

Nyuzi za mandolini sikuzipata. Nikanunua seti mbili za nyuzi nyembamba za gitaa, za chuma. Kila seti nilitumia uzi wa kwanza mpaka wa nne, jumla 8, zile nene 4 zikabaki akiba. Kile kipete cha mwisho wa uzi, ukikivunja kwa koleo, kinabaki kitanzi cha kuning'iniza.

Jambo moja mkumbuke: daraja la mandolini ya namna hii halibandikwi, linashikwa na nyuzi tu. Pima toka mwanzo wa shingo, kule kichwani, mpaka kichuma cha 12, kisha rudia umbali uleule kuelekea kifuani. Hapo ndipo daraja linasimama. Na ukibadilisha nyuzi, toa mmoja mmoja, daraja lisianguke.

Mzee alipoishika hakusema kitu. Alikaza nyuzi polepole, akapiga. Vidole vyake vimekuwa vizito, mara anasimama kupumzika, lakini watoto watano wanakaa mbele yake wanaangalia mkono. Mmoja ameshaweza wimbo mzima.

Wazazi, kama nyumbani kuna chombo cha zamani, kiwekeni mbali na mabati, kwenye kivuli. Na kama kuna babu au bibi anayejua kupiga au kuimba, mpelekeeni mtoto wiki hii. Msingoje chombo kitengenezwe kwanza. Fundi wa mbao tutampata. Huyo wa nyimbo hana wa kumbadilisha.