Simu Ni Yako, Lakini Ufunguo Anao Nani?

Kuna wapenzi wawili wa hapa Dar ambao ugomvi wao haukuwa wa hela wala wa ex. Ulikuwa wa simu. Jamaa ni mtu wa Android: ikoni kabadilisha zote, fonti kaweka anayotaka, kila wiki skrini ina sura mpya. Mrembo ni wa iPhone, na utani haukuisha: "Simu ya milioni na ushee, halafu inakupangia cha kuweka!"

Jamaa hakudanganya. Mpaka iOS 14 ilipokuja 2020, iPhone haikuruhusu wijeti kukaa katikati ya ikoni. Kupanga ikoni popote kulikuja 2024 na iOS 18. Programu nazo zina mlango mmoja, App Store. Machi 2024 Apple ililegeza baada ya kubanwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, ila kwa watu wa huko. Wa Sinza na Tabata waliendelea kupita mlango ule ule.

Kisha jamaa akakwama kodi ya nyumba. Akatumiwa linki ya programu ya mkopo ambayo haipo Play Store. Simu ikamuonya, akaruhusu. Programu ikaomba kusoma majina yote kwenye simu, akaruhusu tena. Alipochelewa kulipa siku chache tu, meseji za deni zikaenda kwa bosi, kwa washkaji wa mpira, na kwa mama mkwe mtarajiwa. Mama hakumpigia jamaa. Alimpigia binti yake.

Hayuko peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Google nao walishazuia, tangu 2023, programu za mikopo za Play Store kusoma majina na picha za mteja. Yaani kile kizuizi alichokuwa anakicheka ndicho kingemsitiri.

Ila mrembo naye asijipigie makofi. Kampuni hizi zinafunga mambo mawili kwa kufuli moja. Fonti ukikosea, yanaumia macho yako mwenyewe. Kuna sababu gani ya kukuzuia? Majina ya watu ukiyaachia, wanaumia wao. Na hata Android nyingi zinakuja na programu zisizofutika, unaishia kuzizima tu huku zinakula nafasi. Ukijaribu kuiruti simu, programu nyingi za benki zinagoma kufunguka.

Wawili hao bado wapo pamoja. Deni limelipwa, na jamaa alikwenda mwenyewe kwa mama kuomba radhi, sio kwa meseji. Ikoni bado anabadilisha. Linki za mkopo anazifuta bila kuzifungua.

Wewe je, unataka simu inayokulinda au inayokuachia? Tiririka hapo chini.