Antibayotiki na Majira: Adui ni Mmoja

Mwanamke anayemeza vidonge vya majira akiumwa mafindofindo tu, kila mtu anageuka daktari. Saluni watamwambia aache majira mpaka amalize dozi. Kazini watamwambia antibayotiki “zinakata nguvu” ya vidonge. Mume naye akisikia hayo, usiku anahamia ukutani, eti anaogopa mimba!

Mimi natumia majira tangu mwanangu wa kwanza alipoacha ziwa, kwa hiyo maneno haya nimeyasikia sana. Ukweli ni kwamba antibayotiki tunazoandikiwa kila siku, kama amoksilini, doksisaiklini na metronidazo, hazipunguzi nguvu ya majira. Uingereza zamani walikuwa wakishauri mtu atumie na kondomu, lakini mwaka 2011 waliuondoa ushauri huo kwa antibayotiki za kawaida. Cha kuangalia ni tumbo. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza kidonge, meza kingine. Ukiharisha sana zaidi ya saa 24, hesabu kama umesahau vidonge na utumie kondomu.

Sasa adui mwenyewe. Anaitwa rifampisini, yumo kwenye dawa za kifua kikuu za miezi 6, ndiye huyo anayegeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Dawa hii inalichochea ini kuvunja homoni za majira haraka mno, na kazi hiyo inaendelea hadi wiki 4 baada ya kumaliza dozi. Ndugu yake, rifabutini, naye ni hivyo hivyo. Baadhi ya dawa za kifafa na za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo zina tabia hiyo.

Mdogo wangu aligundulika na TB miezi 8 baada ya harusi. Yeye na mumewe walishakubaliana mtoto asubiri mpaka amalize chuo. Pale alipopewa dawa aliulizwa kuhusu kikohozi, uzito na watu anaoishi nao. Kuhusu majira, kimya. Aliponisimulia kwenye simu nilimwambia, “Mdogo wangu, kesho asubuhi nenda kliniki ya uzazi wa mpango, na shemeji aende na wewe.”

Wakaenda. Nesi akawaeleza kuwa kwa anayetumia rifampisini, vidonge na vijiti si vya kutegemea, ila sindano ya miezi 3 na kitanzi vinafanya kazi kama kawaida. Mdogo wangu akachagua sindano. Kuacha dawa za TB hakukuzungumzwa hata kidogo, maana hizo lazima zimalizwe. Leo amepona, chuo kamaliza, na mtoto wanamtafuta kwa hiari yao.

Dada zangu, najua dirisha la dawa linatia aibu, hasa foleni ya nyuma ikiwa ya wanaume watupu. Lakini sema, “Natumia majira,” kisha uliza kama dawa unayopewa inapatana nayo. Ni sekunde chache tu. Na ninyi akina kaka, jueni mwenzenu anatumia njia gani. Mimba isiyopangwa ikiingia, mtalea wote wawili, hivyo swali hilo hata wewe unaweza kuliuliza.