Kesho ya Mdomoni, Kesho ya Karatasini



  Leo niwieni radhi, sina habari za mpira wala za wanasiasa wa huku Madrid. Nina barua ya kujibu. Kijana mmoja wa Morogoro anajiandaa kuja kusoma Hispania, na ameniandikia kwamba anajifunza Kihispania kwa simu. Amefika kwenye wakati ujao, na hapo amekwama. "Dada," anauliza, "nikiuruka nikaendelea mbele, nitapungukiwa nini? Wenzangu wanasema Wahispania wenyewe hawautumii."

Wenzako, mdogo wangu, wamekwambia nusu ya ukweli. Nusu waliyoiacha ndiyo yenye gharama.

Tuwape kwanza haki yao. Simama kwenye foleni ya samaki pale Mercado de Maravillas, soko kubwa la mtaa wa Cuatro Caminos, utege sikio. Watu wanapanga kesho yao na keshokutwa yao bila kuugusa wakati ujao wa vitabuni. Mmoja anasema mañana trabajo, kesho nafanya kazi, kama sisi tunavyosema "kesho naenda Dodoma" na hakuna anayeuliza -ta- imekwenda wapi. Mwingine anasema voy a comprar sardinas, ambayo ukiifuata neno kwa neno ni "naenda kununua dagaa", ingawa haendi popote, amekwisha fika na pochi iko mkononi. Kitenzi cha kwenda hapo hakina safari tena, kinatangaza tu jambo linalokuja. Voy, vas, va, vamos, vais, van, kisha a, kisha kitenzi chochote kikiwa kizima kama kilivyo kwenye kamusi. Ukishika maumbo hayo sita unaweza kuagiza chakula, kupanga miadi na kumwambia bosi kwamba utachelewa. Watu wa Ekuado, Peru na Kolombia, ambao wamejaa katika jiji hili, wanautegemea mtindo huo kuliko hata Wahispania.

Kwa hiyo kwa upande wa kuongea, wenzako hawajakosea. Anza na voy a, na usimwonee haya mtu. Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alituzuia kabisa kugusa wakati ujao mwingine mpaka kila mtu aweze kueleza mipango yake ya Jumamosi kwa voy a bila kusita. Alikuwa na haki.

Lakini hapa Hispania mtu haishi kwa mdomo tu. Anaishi kwa karatasi, na karatasi haisemi voy a.

Siku utakapopata nyumba ya kupanga, dalali atakuwekea mezani mkataba wa kurasa kadhaa. Ndani yake utakutana na pagará: mpangaji atalipa. Sheria ya upangaji ya mwaka 1994 inasema kwamba kama hamkupatana vingine, kodi hulipwa kila mwezi, ndani ya siku 7 za mwanzo. Utakutana na entregará, atakabidhi, na kinachokabidhiwa ni amana ya mwezi mmoja, ambayo ni lazima kisheria. No podrá, hataweza, maana yake hapo ni kwamba hana ruhusa, kwa mfano ya kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Halafu mahali fulani katikati, kwa herufi ndogo, kuna se prorrogará, utaongezwa muda. Hilo ni neno lako, mpangaji, litafute. Mkataba wa makazi, hata ukiandikwa kuwa wa mwaka mmoja, wewe ukitaka unaongezwa mwaka baada ya mwaka mpaka itimie miaka 5, au 7 kama mwenye nyumba ni kampuni.

Baba mmoja wa Lubumbashi, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliniletea mkataba wake niusome naye. Kihispania cha kuongea anacho, tena cha kuchekesha watu baa nzima. Tukashuka mstari kwa mstari mpaka kwenye neno pintará. Akasema, "Hilo nalijua, ni rangi." Ni rangi kweli, lakini nani anapaka? Alikuwa ameelewa kwamba mwenye nyumba ndiye atakayepaka kuta kabla yeye hajaingia. Mhusika wa sentensi alikuwa el arrendatario, mpangaji: yeye ndiye atakayepaka kuta zote rangi nyeupe siku ya kuondoka, kwa fedha yake. Tukamrudia dalali kabla ya sahihi, kifungu kikafutwa kwa kalamu. Mzee alikuwa na voy a zake zote kamili, na hazikumsaidia.

Si mikataba peke yake. Barua ya ofisi ya uhamiaji itasema mwombaji deberá presentar, atapaswa kuleta, hiki na kile. Utabiri wa hali ya hewa unasema joto descenderá, litashuka. Amri Kumi zenyewe Wahispania huzisoma kwa wakati ujao: no matarás, no robarás, hutaua, hutaiba. Si kitu kigeni kwetu. Fungueni Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 muone ilivyojaa -ta-. Inapotaka jambo liwepo, inasema litakuwepo, na basi limekuwa lazima. Ajabu ni kwamba serikali ya hapa, ukiomba uraia na nchi yako haizungumzi Kihispania, inakudai cheti cha Kihispania kiitwacho DELE, ngazi ya A2, ambayo ni ngazi ya pili kutoka chini, huku ikikuandikia barua za ngazi ya juu kabisa. Wangeanza wao kuteremka kidogo.

Haya, tuingie jikoni. Kwa umbo, wakati huu ni mwepesi kuliko nyakati zote za Kihispania, na sijui kwa nini vitabu vinautisha watu. Unachukua kitenzi kizima, hukati kitu, unakipachika mkia: é, ás, á, emos, éis, án. Pagar, nitalipa ni pagaré, utalipa pagarás, atalipa pagará, tutalipa pagaremos, ninyi mtalipa pagaréis, watalipa pagarán. Comer na vivir, ambavyo katika nyakati nyingine vinakwenda njia yao, hapa vinachukua mikia hiyohiyo. Mikia yenyewe ni mabaki ya kitenzi haber, kilichotokana na Kilatini habere, kuwa na. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani walisema cantare habeo, nina la kuimba, na maneno mawili hayo yakashikana karne kwa karne mpaka yakawa cantaré. Nikikumbuka hilo, pagará ya mkatabani hainipi tabu: ana la kulipa.

Vitenzi vikaidi ni kumi na viwili hivi, na ukaidi wake una sababu. Tener ingekuwa teneré, lakini ile e ya kati imedondoka, n na r zikagusana, na ulimi ukachomeka d ili upite: tendré. Vivyo hivyo poner, venir, salir na valer: pondré, vendré, saldré, valdré. Poder, saber, haber na caber zimepoteza e tu, na querer nayo imebaki na r mbili za kukwaruza, querré. Hacer na decir zimejikata zaidi, haré na diré. Kariri hizo mbili za mwisho pamoja na tendré na podré kwanza, nyingine zitafuata zenyewe.

Ugumu wetu sisi Waswahili uko kwenye mkazo. Lugha yetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kitaBUni, nitaLIpa, na mdomo umezoea hivyo tangu utotoni. Wakati ujao wa Kihispania unakaza mwisho kabisa: pagaRÁ. Mswahili akiuachia ulimi wake atasema paGAra, na hilo ni neno halali la maana nyingine. Le dije que pagara ni "nilimwambia alipe". Kwa hiyo mwenye nyumba anasikia alipe mahali uliposema atalipa. Ni "sisi" tu tunaoepuka hatari hiyo, pagaREmos, kwa kuwa hapo mkazo wao na wetu unaangukia silabi ileile, na ndiyo nafsi pekee isiyoandikwa kialama juu ya irabu. Mwalimu wetu alikuwa akipiga meza kwa rula kwenye silabi ya mwisho, tá-tá-TÁ, darasa zima la Wamorocco, Wabangladeshi, Waukraine na Wachina tukamfuata. Ukiwa peke yako na simu, piga meza mwenyewe. Na ile alama ndogo usiione pambo, iandike. Wafanyabiashara wa huku wana hata hati ya kuahidi malipo inayoitwa pagaré, yaani "nitalipa", na ina nguvu mahakamani.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza huenda visikuonye, kwa sababu havikujui. Sisi tunasema "nitakapofika nitakupigia", -ta- mbili bila wasiwasi. Mhispania haruhusu. Baada ya cuando, yaani wakati, kwa jambo ambalo bado halijatokea, anatumia umbo la matakwa: cuando llegue, te llamaré. Ukisema cuando llegaré ataelewa, lakini atajua mara moja kwamba wewe mgeni. Mzee wangu wa Lubumbashi anavutwa huko mara mbili, na Kiswahili chake na Kifaransa chake, maana Kifaransa nacho huweka wakati ujao palepale. Kwa si, yaani kama, tuko salama zaidi: si llueve, no iré, mvua ikinyesha sitakwenda. Kwetu -ki-, kwao wakati uliopo, na -ta- inangoja upande wa pili wa sentensi.

Nimekuwekea mwisho jambo linalonifurahisha. Mtaa wa Lavapiés una majengo ya kale, na nyumba nyingi bado zinapikia mitungi ya gesi ya rangi ya chungwa, ambayo kijana huibeba begani ngazi kwa ngazi. Kengele ikilia asubuhi, mama mwenye nyumba yetu anauliza ¿quién será?, atakuwa nani, na binti yake anajibu kutoka chumbani, será el butanero. Hakuna kesho yoyote hapo, mtu amesimama mlangoni sasa hivi. Ni kukisia. Programu ya simu inayokufundisha kupitia Kiingereza itakutolea somo zima kuhusu maajabu hayo, pamoja na mazoezi. Wewe usihangaike. "Atakuwa mtu wa gesi." "Saa hizi watakuwa wamelala." "Atakuwa na miaka hamsini huyo." Unayo tayari, tena kwa kitenzi kilekile cha kuwa. Ndiyo maana nawasihi wanaojifunza lugha za huku waache kupitia Kiingereza kila wanapokwama. Mara nyingi Kiswahili kiko karibu zaidi na mlango.

Na ukisikia ya te llamaremos baada ya usaili wa kazi, tafsiri yake ni ile "tutakupigia" ya Dar es Salaam. Tafuta kwingine siku hiyohiyo. Ya veremos, tutaona, mara nyingi ni hapana yenye adabu. Dios dirá, Mungu atasema, utaisikia kwa wazee kama inshallah yetu, na wao pia wana ojalá, iliyotoka kwenye Kiarabu cha Andalusia na bado ina jina la Mungu ndani yake, hata kwa wasiosali.

Basi, mdogo wangu, usiuruke. Zungumza kwa voy a tangu siku ya kwanza, lakini kabla hujapanda ndege uwe unayatambua kwa macho pagará, deberá, podrá, tendrá na será, na ujue kila mkia unamtaja nani. Mkataba wako wa kwanza usiutie sahihi palepale mbele ya dalali, hata akikwambia kuna watu watano wanaungoja. Omba nakala, uje nayo kwangu, tukae tuusome wote, na kalamu ibaki mfukoni mpaka tumalize.

Wasalaam,
Dada yenu, Madrid