Mnyororo wa Tela ya Pili

Katika yadi ya Ohio nilikofanya kazi ya ukaguzi, kichwa kimoja huvuta tela mbili, na kwenye barabara ya kulipia inayokatiza jimbo hilo huruhusiwa hata tatu. Tela ya kwanza hulala juu ya kichwa chenyewe, haidaiwi mnyororo. Ya pili hukaa juu ya doli, ekseli yenye mkono wa chuma unaonaswa na ndoano nyuma ya tela ya kwanza. Ndoano hiyo ikiachia, kinachobaki ni minyororo tu. Ndiyo maana nilianzia hapo kila gari lilipoingia, kabla ya taa na matairi.

Kanuni ya shirikisho, kifungu cha 393.70, haitosheki na mnyororo kuwepo. Mnyororo pamoja na pale ulipofungwa lazima vihimili, kabla ya kukatika, uzito usiopungua ule wa vyote vinavyovutwa vikiwa na mzigo wake. Usilegee kupita kiasi kinachohitajika kukata kona. Mkono ukichomoka, mnyororo uuzuie usifike chini. Tena usifungwe kwenye ndoano ileile inayovuta, maana ndoano ikivunjika vitaondoka vyote pamoja. Kwangu hicho ndicho kipengele chenye akili kuliko vyote, na ndicho nilichokuta kikipuuzwa zaidi.

Nakumbuka dereva mmoja kijana, mzaliwa wa Bukavu, niliyemzuia asubuhi ya baridi kali.

“Baba, si mnyororo iko pale?”

“Upo, mwanangu. Inama uone.”

Nilisugua kutu kwa brashi ya waya, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huficha mengi. Pete moja ilikuwa imechomelewa. Nyingine, pale zinaposuguana, ilikuwa imelika kiasi cha kuonekana kwenye kipimo. Vigezo vya CVSA, wanavyotumia wakaguzi wa barabarani Marekani, Kanada na Meksiko, havibembelezi: pete iliyopungua unene kwa kiasi kinachopimika, au iliyotengenezwa kwa kuchomelea, waya au boliti ndogo, inalisimamisha gari. Joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma, na kwa macho huwezi kujua umebaki kiasi gani.

Kijana aliuliza kama mnyororo wa daraja la 70, wenye unene wa inchi tatu kwa nane, ungetosha. Swali zuri. Uzito wake wa kazi ni ratili 6,600, lakini hukatika kwenye 26,400, na kifungu kinahesabu kukatika. Tulijumlisha tela, doli na shehena yake, tukaona unatosha. Nikamwonyesha alama ya 70 iliyogongwa kwenye pete. Mnyororo usio na alama sikuukubali kamwe.

Tulifunga miwili mipya, kila mmoja upande wake, umbali sawa kutoka katikati ya fremu. Kisha nikamtaka akate usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, nikiwa nimechuchumaa pembeni kutazama minyororo inavyokaza. Ndipo nikaitia sahihi fomu.